Hesabu siku mwenyewe: mwongozo wa muda wa kesi ya jinai, tangu kukamatwa hadi kusikilizwa

Mama mmoja wa Bahi alinifundisha kazi hii ya usaidizi wa kisheria kuliko semina zote nilizowahi kukaa. Alikuja na daftari la mjukuu wake wa darasa la tatu, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akanisalimu "Mbukwenyi", akaketi kwenye benchi nje ya mahakama hapa Dodoma mjini. Kijana wake, dereva wa bodaboda, alikuwa mahabusu katika gereza la Isanga kwa shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana. Ndani ya daftari alikuwa ameandika kwa penseli kila siku kijana aliposhushwa kwenye karandinga: tarehe, hakimu aliyekaa, nauli aliyotumia, na maneno yaleyale mwisho wa kila mstari, "upelelezi bado". Mistari tisa.

"Mwanangu, nimeandika nisisahau deni la nauli," akaniambia.

Tukahesabu. Kutoka mstari wa kwanza hadi wa tisa zilikuwa siku 112. Na kwenye jalada la mahakama hapakuwa na karatasi hata moja ya kuongeza muda. Kilichofuata nitakisimulia mbele, kwa sababu kina sehemu tamu na sehemu chungu. Kwa sasa shika hili: sheria yetu ina saa na siku zake, lakini mahabusu yanapojaa na hakimu ana majalada 40 mezani, hakuna mtu mwenye kazi ya kukuhesabia. Utahesabu wewe, au mama yako.

Ninayoeleza hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao. Sheria kuu ni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985 na kurekebishwa mara nyingi. Namba za vifungu ninazotaja ni zile ambazo mawakili na mahakimu wamezizoea miaka yote. Toleo jipya la sheria zote, toleo la 2023, lilianza kutumika Julai 2025 na limehamisha namba nyingi, kwa hiyo ukienda mahakamani taja kifungu pamoja na jambo lenyewe. Hakimu akisikia "siku sitini" anajua unazungumzia nini hata kama namba imehama.

Hatua ya kwanza: andika saa, si tarehe tu

Ndugu yako akikamatwa, kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote mwenye cheo, chukua karatasi. Andika saa aliyokamatwa, mahali, nani alimkamata, na kituo alichopelekwa. Kama alianza kushikwa na mgambo au mtendaji wa kijiji, andika saa hiyo, kisha andika saa aliyokabidhiwa polisi. Hizo ni saa mbili tofauti na kila moja ina kazi yake. Mgambo hana ruhusa ya kukaa na mtu ofisini kwa mtendaji usiku kucha, anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hata hivyo, saa za mahojiano zinaanza kuhesabiwa polisi wanapomtia mkononi.

Kituoni omba kwa upole kujua jina la mpelelezi, namba ya jalada na kosa analotuhumiwa. Mtu anayekamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake. Usigombane na askari wa kaunta, yeye anaandika tu kitabu cha mahabusu. Ila kitabu hicho ndicho kitakachokusaidia siku za mbele, kwa sababu kina saa ya kuingia. Nimeona mtu aliyekamatwa Ijumaa jioni, jina lake likaingia kitabuni Jumapili asubuhi. Bila karatasi ya dada yake, Ijumaa ile ingekuwa imepotea.

Hatua ya pili: saa nne za mahojiano

Hapa watu wengi hawajui, na ndipo kesi nyingi zinapovunjikia rufaani. Kifungu cha 50 kinawapa polisi muda wa saa nne za kumhoji mtuhumiwa, kuanzia alipowekwa chini ya ulinzi kwa kosa hilo. Aliyekamatwa saa 3 asubuhi, muda wa kawaida unaisha saa 7 mchana. Kama kosa ni zito, kifungu cha 51 kinamruhusu ofisa wa polisi anayesimamia upelelezi wa kosa hilo kuongeza muda usiozidi saa nane, na lazima mtuhumiwa aambiwe. Kwa mtu wetu huyo, mwisho unakuwa saa 3 usiku. Wakitaka zaidi ya hapo, waende kwa hakimu kuomba kabla muda haujaisha.

Kuna saa ambazo hazihesabiwi. Muda wa kumsafirisha haumo, kwa hiyo aliyekamatwa Mtera akapelekwa Mpwapwa mjini, safari ile inaondolewa. Muda wa kumsubiri wakili au ndugu aliyeitwa nao haumo. Usiseme "saa nne zimepita" kabla hujaondoa hizo.

Kwa nini ujisumbue na saa hizi? Kwa sababu ya maelezo ya onyo. Hayo ni maelezo ambayo mtuhumiwa anaandikwa akiisha kuonywa kwamba halazimiki kusema chochote. Kesi nyingi za unyang'anyi na mauaji zinasimama juu ya karatasi hiyo moja. Mahakama ya Rufani imeyaondoa maelezo ya namna hiyo mara nyingi kwa sababu yalichukuliwa nje ya muda. Imesema pia kwamba si kila ucheleweshaji unayafuta moja kwa moja, kwa sababu kifungu cha 169 kinampa hakimu nafasi ya kupima uzito wa kosa na uzito wa ukiukwaji. Ila kama hukuandika saa, hakuna cha kupima.

Mtuhumiwa anaweza kuomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Aombe. Na asisaini asichokisoma au asichosomewa. Mwambie hivyo ukipata hata dakika moja ya kumpelekea chai.

Hatua ya tatu: saa 24, na saa 48

Kwa kosa la kawaida, mtu aliyekamatwa bila hati ya kukamata anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Isipowezekana, mkuu wa kituo ana uwezo wa kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kama kosa ni zito. Kifungu cha 64 kinaenda mbali zaidi: saa 24 zikipita bila shtaka rasmi, mtu anatakiwa aachiwe, ila kama polisi wana sababu za msingi za kuamini kuwa kosa ni kubwa. Aliyebaki ndani baada ya hapo afikishwe mbele ya mahakama "mapema iwezekanavyo".

Maneno hayo mawili ndiyo yanayowalaza watu sero wiki mbili. Mapema ya nani? Kwa maoni yangu, mwandishi wa sheria alikuwa anafikiria askari wa 1985 asiye na gari, aliyeko kilomita 80 kutoka mahakamani, barabara imekatika masika. Leo kutoka Chamwino hadi Dodoma mjini ni lami tupu. Mapema iwezekanavyo ya leo haiwezi kulingana na ya wakati ule, na hoja hiyo inafaa kusemwa mbele ya hakimu kwa maneno hayohayo.

Kwa makosa ya uhujumu uchumi, kama nyara za serikali au silaha bila kibali, kuna sheria nyingine, Sura ya 200. Hiyo haizunguki: mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48.

Dhamana ya polisi ni bure. Ndugu au jirani mwenye kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa kwa kawaida anatosha. Ukiambiwa kuna "hela ya karatasi", uliza kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Malipo halali yanayo, na swali hilo pekee limewahi kufunga mazungumzo mengi nikiwa nimesimama pale kaunta.

Hatua ya nne: saa zimepita na bado yuko ndani

Panda ngazi moja moja, na kila ngazi uandike uliyeonana naye na saa. Anza na mkuu wa kituo. Akikujibu "subiri mpelelezi", nenda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, au mkuu wa upelelezi wa wilaya. Kisha RCO, yaani Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa. Mambo mengi huishia hapo, kwa sababu maofisa hawapendi jalada lenye malalamiko yenye saa na tarehe.

Ikishindikana, andika barua kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa. Waendesha mashtaka ndio watakaobeba kesi ile mahakamani, na hawana faida ya kupokea mtu aliyekaa sero siku kumi bila maelezo. Kwa sisi tulio Dodoma kuna bahati nyingine: makao makuu ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora yako hapahapa, unafika kwa bajaji na kuacha malalamiko yako yakagongwa muhuri. Beba nakala mbili, moja ibaki na wewe ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Ngazi ya juu kabisa ni Mahakama Kuu. Kifungu cha 390 kinaipa uwezo wa kuamuru anayemshikilia mtu amlete mbele ya mahakama na aeleze kwa mamlaka gani anamshikilia. Maombi hayo yanaendana na hati ya kiapo inayosimulia kukamatwa, na hapo ndipo karatasi yako ya saa inapogeuka ushahidi. Mtafute wakili kwa hili. Mara nyingi nimeona maombi yakipelekwa asubuhi na mtuhumiwa akafikishwa kizimbani mchana, kabla jaji hajayagusa. Wengine hulalamika kwamba maombi "yamekufa". Kwangu yamefanya kazi yake.

Asiye na fedha za wakili aanzie ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, aulizie watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Sisi wasaidizi wa kisheria hatuwezi kusimama mahakamani kwa niaba yako, na haturuhusiwi kukutoza. Ukitozwa, huyo si mwenzetu.

Hatua ya tano: siku ya kwanza kizimbani

Omba nakala ya hati ya mashtaka. Angalia tarehe ya kosa, mahali, kifungu, na kama jina la ndugu yako limeandikwa sawasawa. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, usione aibu kusema hujaelewa.

Kisha sikiliza kwa makini kama mwendesha mashtaka anasema upelelezi umekamilika. Mwaka 2022 Bunge liliongeza kifungu cha 131A: mashtaka yasipelekwe mahakamani kabla ya upelelezi kukamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Yale ya zamani ya kesi ya kijana wa kuku wawili kutajwa mara kumi na tano, yaani kuitwa na kuahirishwa bila kusikilizwa, yalitakiwa yaishe siku ile. Kwa sehemu yameisha. Kwa sehemu yamehamia kituoni, ambako mtu yuko nje kwa dhamana ya polisi na anaripoti kila Jumatatu miezi sita, akiacha genge lake la nyanya pale Sabasaba bila mtu. Kuripoti huko kusikokwisha nako ni mateso, na ngazi za hatua ya nne zinakuhusu.

Dhamana ya mahakama iombwe siku hiyohiyo. Kwa makosa machache kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na ugaidi, kifungu cha 148(5) kinaifunga. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Kwa hiyo anayekwambia kimefutwa amesoma habari nusu. Kilichokufa kweli ni ile hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya kuzuia dhamana chini ya 148(4), ambayo Mahakama ya Rufani iliimaliza mwaka 2018.

Hatua ya sita: siku 60, tatu mfululizo

Hapa ndipo daftari la mama wa Bahi linapoingia. Kifungu cha 225 kinatawala kuahirisha kesi katika mahakama za chini, yaani za wilaya na za hakimu mkazi. Kina hesabu mbili ndani yake, na watu huzichanganya.

Hesabu ya kwanza ni ya kila ahirisho. Mshtakiwa aliye nje, kesi isiahirishwe zaidi ya siku 30. Aliye mahabusu, isizidi siku 15. Siku ya kwanza kuhesabiwa ni kesho yake. Ikiahirishwa tarehe 3 Machi, tarehe 4 ni siku ya kwanza na tarehe 18 ni ya kumi na tano. Mahakama zetu kwa mazoea hutoa siku 14, ndiyo maana karandinga ina siku zake kama gulio.

Hesabu ya pili ni ya jumla, na hiyo ndiyo yenye meno. Maahirisho yote yakijumlishwa yasizidi siku 60. Yakitaka kuzidi, lazima iwepo hati kwenye jalada, iliyoandikwa sababu. Hati ya kwanza ni ya Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, nayo inanunua siku 60 nyingine. Hizo zikiisha, hati ya pili inatoka kwa wakili wa serikali, siku 60 tena. Baada ya hapo ni Mkurugenzi wa Mashtaka mwenyewe au aliyemkaimisha, na hata yeye ana ukuta: miezi 24 tangu ahirisho la kwanza lililotolewa kwa hati ile ya RCO.

Tuiweke kwenye kalenda. Kesi imefunguliwa na kuahirishwa mara ya kwanza tarehe 2 Machi. Siku ya 60 ni 1 Mei. Hati ya RCO inafika hadi 30 Juni. Hati ya wakili wa serikali inafika hadi 29 Agosti. Kwa hati ya Mkurugenzi, ukuta unasimama mwanzoni mwa Mei, miaka miwili baada ya ule mwezi Mei wa kwanza. Ukijumlisha na siku 60 za mwanzo ni kama miezi 26. Ni mingi, nakubali. Lakini bila hati, mwisho wako ni 1 Mei: hapo kifungu cha 225(5) kinataka kesi isikilizwe au uachiwe. Na hati hizi husahaulika mara nyingi kuliko unavyodhani.

Sasa tazama tarehe za kutajwa kwa mwendo wa siku 14: 2 Machi, 16 Machi, 30 Machi, 13 Aprili, 27 Aprili, 11 Mei. Siku ya kusema ni 27 Aprili, kwa sababu ahirisho linalofuata litaruka ukuta. Ukinyamaza siku hiyo, utaamka 11 Mei ukiwa umeshapita, na utaambiwa hukupinga.

Usemi wenyewe hauhitaji Kilatini. Mshtakiwa anyooshe mkono, na akipewa nafasi aseme hivi: "Mheshimiwa, leo ni siku ya 56 tangu shauri hili liahirishwe mara ya kwanza. Naomba kujua kama kwenye jalada kuna hati ya Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa ya kuongeza muda. Kama haipo, naomba lisikilizwe kabla ya siku 60 kuisha, au mahakama itumie kifungu cha 225(5)." Kisha anyamaze. Asilalamikie chakula cha Isanga, asimtaje mpelelezi kwa jina, asilie. Aombe tu maneno yake yaandikwe kwenye mwenendo wa shauri. Hakimu anaweza kutoa tarehe fupi, tuseme 30 Aprili, ili upande wa mashtaka ujipange. Ni haki yake. Siku hiyo rudia maneno yaleyale.

Kijana mmoja wa Kongwa aliyashika maneno hayo kwa wiki mbili akiwa mahabusu, akiyarudia kama mtoto wa madrasa, na siku ilipofika akasema "siku 65" badala ya 56. Mwendesha mashtaka alisimama kupinga hesabu, hakimu akafungua jalada kuhesabu, na hapo ndipo wote wakaona hati haipo. Kukosea kwake kulimsaidia kuliko angepatia. Nakushauri upatie.

Mahali ambapo siku 60 hazikusaidii

Mauaji kwanza. Mahakama ya chini haina mamlaka ya kuisikiliza, inaiandaa tu ipelekwe Mahakama Kuu. Kila ahirisho halitakiwi kupita siku 15, lakini jumla ya siku 60 haipo. Hapa silaha yako ni barua: kwa hakimu mfawidhi, kwa Jaji Mfawidhi wa Kanda ya Dodoma, na kwa ofisi ya mashtaka, ikitaja idadi ya mara ilipotajwa na tarehe. Majaji na waendesha mashtaka hutembelea magereza, na siku hizo mahabusu huulizwa malalamiko. Ndugu yako awe na tarehe zake kichwani siku hiyo. Aliyesema "nimekaa sana" hupata pole. Aliyesema "nimetajwa mara 31 na jalada halijarudi kutoka kwa wakili wa serikali tangu Februari" hupata mtu anayeandika.

Uhujumu uchumi nao umetolewa na kifungu chenyewe. Vilevile kughushi, njama za kulaghai na makosa ya udanganyifu, pamoja na uhaini na jamaa zake, hayaguswi na jumla ya siku 60. Soma kifungu kwenye hati ya mashtaka kabla hujaanza kuhesabu.

Mahakama za Mwanzo hazitumii Sura ya 20 kabisa, zina kanuni zake ndani ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, na kesi zake kwa kawaida huenda haraka. Mtoto wa chini ya miaka 18 ashughulikiwe chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa kawaida katika Mahakama ya Watoto. Ukimkuta kachanganywa na watu wazima, hilo ndilo la kwanza kusema, hata kabla ya dhamana.

Hatua ya saba: kesi imeondolewa, usishangilie mlangoni

Sasa narudi kwa kijana wa Bahi. Mstari wa kumi wa daftari ni siku ya 126. Alisema maneno yake mwenyewe kizimbani, bila wakili. Hakimu akauliza hati, mwendesha mashtaka akaomba siku saba, hakimu akafunga jalada na kumwachia. Mama alipiga kigelegele nje. Kigelegele hakijaisha, askari wawili wakamshika kijana kwenye ngazi na kumrudisha kituoni.

Ni halali? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kifungu cha 225(5) chenyewe kinasema kuachiwa huko hakuzuii mtu kushtakiwa tena kwa kosa hilohilo. Tofautisha kuondolewa shtaka na kuachiwa huru. Aliyeachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile. Aliyeondolewa shtaka kabla ya kusikilizwa anaweza. Ni hivyohivyo upande wa mashtaka unapoiondoa kesi chini ya kifungu cha 98 kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea: wanaweza kurudi. Wakiiondoa baada ya kuitwa kujitetea, hapo anaachiwa huru.

Wengine wananiuliza, sasa faida iko wapi? Iko kwenye saa. Akikamatwa tena, karatasi inaanza upya: saa ya kushikwa, saa 24, saa ya mahojiano. Kijana wetu alirudishwa mahakamani siku ya tatu, na safari hii shtaka lilikuwa la kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi, simu moja. Kosa hilo lina dhamana. Shemeji yake na mwalimu mmoja wa kijijini walimdhamini, akalala kwao jioni ile kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. Shahidi mmoja alikuja, wengine hawakutokea, na mwishowe hakimu akaona hana kesi ya kujibu.

Siku ya mwisho, kabla hamjaondoka, omba nakala ya uamuzi yenye muhuri. Hiyo ndiyo utakayomwonyesha askari mwingine mwaka ujao atakapokuta jina kwenye daftari lake la zamani. Wadhamini wahakikishe karani ameandika kwamba dhamana zao zimefunguliwa, na kama mmojawapo aliweka hati ya nyumba, arudishiwe mkononi. Vitu vilivyochukuliwa kituoni, simu, fedha, leseni, viombwe kwa kutaja amri ya mahakama. Kama uamuzi haukusema lolote kuhusu vielelezo, rudi kwa hakimu uombe amri hiyo kwa maandishi.

Pikipiki ya kijana ilikuwa imesimama uwanjani kwa polisi jua na mvua tangu siku aliyokamatwa, kiti kimechanika na tairi zote mbili chini. Tulipewa tukasaini, mama akaandika tarehe kwenye daftari chini ya jedwali la kuzidisha, tukaisukuma watatu mpaka kwa fundi wa Majengo.